Kidonda cha Urembo na Tumbaku: Historia ya Miiko ya Uponaji Kuanzia Daa Hadi Ngorongoro

Mteja anayechomwa sindano ya kujaza midomo, yaani utaratibu wa kuingiza chini ya ngozi ya mdomo dutu inayofanana na ute mzito ili mdomo unenepe na kuchongeka, hupewa kabla ya kuondoka orodha ya makatazo, na miongoni mwake limo katazo la kuvuta sigara, na siku hizi pia sigara ya kielektroniki ambayo vijana wa mijini huiita vepu, kwa siku moja au mbili za mwanzo na mara nyingi kwa muda mrefu zaidi. Katazo hilo huonekana kuwa zao la kliniki za kisasa, lakini katika nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania, kuanzia kata ya Daa na kata jirani za Wilaya ya Karatu hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, maswali yanayofanana nalo yaliulizwa na kujibiwa zamani sana: nani akatwe mwili kwa ajili ya urembo, jeraha liuguzwe kwa muda gani na kwa chakula gani, na nani aruhusiwe tumbaku, akiwa na umri upi. Tamaa ya kupamba uso ni ya kale na mapenzi ya nikotini nayo si mageni. Kilichobadilika katika muda wa miaka mia moja hivi ni kutoweka kwa utaratibu wa rika uliokuwa ukiviweka vitu hivyo viwili mbalimbali.

Eneo linalozungumzwa lina sifa adimu barani Afrika, kwa kuwa ndani ya mwendo wa siku chache kwa miguu hukutana jamii za asili tofauti kabisa za lugha: Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi na ambao majirani wamezoea kuwaita Wambulu, Wadatoga na Wamasai, ambao ni Waniloti wafugaji, Wahadza wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao lugha yao haina ndugu inayojulikana, na Wabantu waliokuja kwa kilimo, biashara na utumishi. Wadatoga waliishi katika kreta ya Ngorongoro kabla ya Wamasai kuwaondoa katika karne ya 19, na hadi leo wana kaburi la heshima katika msitu wa Lerai, ndani ya kreta hiyo, ambalo huliendea kufanya ibada. Wairaqw walikuwa wamejibana katika milima ya Kainam, huko Mbulu, hadi nguvu za Wamasai zilipodhoofishwa na sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioteketeza mifugo ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 wakasambaa kaskazini na kulima ardhi ya Karatu. Oscar Baumann, mpelelezi kutoka Austria, alipita hapo mwaka 1892 na kuikuta nchi ya Wamasai ikiwa katika njaa ya baada ya sotoka. Baada yake wakaja walowezi wa Kijerumani, akina Siedentopf ndani ya kreta na wakulima wa kahawa kwenye miteremko ya Oldeani. Wilaya ya Karatu yenyewe ni changa, kwani ilimegwa kutoka Mbulu katika miaka ya 1990.

Mwili katika jamii hizi ulikuwa mahali pa kuandikia hadhi, na maandishi hayo yalipatikana kwa jeraha. Wadatoga walichanja chale, yaani mikato midogo ya ngozi inayoacha makovu yaliyopangika, kuyazunguka macho, na duara la makovu hayo bado huonekana kwenye nyuso za wazee wa Eyasi na Mang'ola. Wamasai waling'oa meno mawili ya mbele ya chini, pengo ambalo lilihesabiwa kuwa uzuri na ambalo pia lilisaidia kumlisha mgonjwa wa pepopunda aliyefunga taya. Kazi yao kubwa zaidi, hata hivyo, ilikuwa kwenye sikio. Mtoto alitobolewa kwanza sehemu ya juu ya sikio na baadaye ndewe, ile nyama laini ya chini, ikapasuliwa kwa kisu. Kisha tundu likazibwa kwa kijiti au majani yaliyoviringishwa, na kidonda kilipotulia kizibo kikabadilishwa kwa kikubwa zaidi, na kingine kikubwa zaidi, kwa miezi na miaka, mpaka nyama ikaning'inia karibu na bega na kubeba mapambo ya shanga na chuma.

Utaratibu huo wa sikio unastahili kuangaliwa kwa makini na yeyote anayetaka kuelewa uponaji. Ndewe haina gegedu, ile tishu ngumu inayoipa sehemu ya juu ya sikio umbo lake. Ni ngozi na mafuta tu, kwa hiyo ikivutwa polepole hupata nafasi ya kuzalisha tishu mpya, na ikivutwa kwa haraka huchanika. Wazee waliosimamia kazi hiyo hawakuwa na elimu ya vitabu kuhusu tishu, lakini walijua kwamba kizibo kikubwa hakiingizwi kabla ya kidogo kumaliza kazi yake, na kwamba haraka humharibia mtoto sikio maisha yake yote. Hivyo urembo ulikuwa na ratiba, na ratiba hiyo haikuwa mikononi mwa anayepambwa.

Tumbaku nayo ilikuwa na ratiba yake. Mmea huo ulitoka Amerika, ukaletwa Afrika na Wareno baada ya karne ya 15 kumalizika, na kufikia karne ya 19 ulikuwa umepandwa kila mahali penye unyevu wa kutosha katika Afrika Mashariki na kuuzwa umesokotwa au ukiwa mikate mikavu. Wafugaji wa Ngorongoro hawakuulima. Waliupata kwa majirani wakulima kwa kubadilishana na mazao ya mifugo. Wamasai waliutumia zaidi kama ugoro, yaani tumbaku iliyosagwa na kunuswa, na kama tumbaku ya kutafuna, mara nyingi ikichanganywa na magadi, chumvi ya asili inayokusanywa kandokando ya maziwa ya Bonde la Ufa na hata ndani ya kreta yenyewe, ambako ziwa lake huitwa Magadi. Mchanganyiko huo haukuwa wa ladha peke yake. Magadi huondoa ukali wa asidi, na nikotini ikiwa katika hali hiyo hupenya utando wa kinywa na pua kwa wepesi zaidi, jambo ambalo maabara zilieleza baadaye sana na watumiaji walilijua kwa kichwa kinachozunguka.

Aliyeruhusiwa kilevi hicho alikuwa mzee. Maelezo ya wageni wa kwanza na ya Wamasai wenyewe yanakubaliana kwamba morani, yaani kijana wa rika la askari, alikatazwa pombe na tumbaku muda wote wa ujana wake wa kivita, na kwamba vitu hivyo vilianza kumjia alipoingia uzeeni, akaoa na kuwa na boma lake. Tumbaku ilikuwa pia miongoni mwa zawadi zilizopelekwa kwa wazazi wa binti katika posa, kwa hiyo ilitoka mkononi mwa anayetaka kuoa na kuingia mkononi mwa wakubwa wake, na hilo peke yake linaonyesha ilikuwa mali ya nani.

Matokeo ya ratiba hizo mbili yalionekana kwenye sikio lenyewe. Mtu alikatwa ndewe akiwa mtoto, akaivuta akiwa kijana, na alipofikia umri wa kuruhusiwa ugoro tundu lilikuwa limepona kwa miaka mingi, likageuzwa mahali pa kuchomekea kichupa cha ugoro. Katika karne ya 20 wazee wengi wa Kimasai walibeba humo kopo dogo la plastiki lililoachwa na filamu za kamera za watalii. Jeraha la urembo na tumbaku viliishia mahali pamoja, lakini kati yake kulikuwa na umri mzima wa mtu.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuwageuza wazee hao kuwa madaktari wa mishipa. Morani hakukatazwa tumbaku kwa sababu mtu fulani aligundua kwamba nikotini hudhoofisha uponaji. Alikatazwa kwa sababu mamlaka na starehe vilikuwa vya wazee, na kwa sababu askari aliyelewa ni hasara kwa mifugo ya jamii nzima. Faida ya kiafya ilikuja bila kukusudiwa. Aidha, jirani zao wa Eyasi hawakuwa na mpangilio huo wa marika: Wahadza, ambao Erich Obst aliwatembelea mwaka 1911, ambao Ludwig Kohl-Larsen aliwaandika katika miaka ya 1930 na ambao James Woodburn alianza kuishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950, wanajulikana kwa kiko cha jiwe laini lililochongwa, ambacho huvutwa kwa pumzi nzito inayofuatwa na kikohozi kikubwa, kikijazwa tumbaku au bangi iliyopatikana kwa wakulima na kwa Wadatoga kwa kubadilishana na asali na nyama. Eneo moja, basi, lilibeba desturi zilizopingana, na anayesema kwamba mababu wote walijizuia anasimulia ngano.

Penye jeraha kubwa la ujana, uponaji ulikuwa kipindi kinachoonekana hadharani. Kijana wa Kimasai aliyetahiriwa huingia katika hali ya mpito ambayo humvika mavazi meusi, humpaka uso chokaa nyeupe na kumkalisha na wenzake pembeni mwa maisha ya kawaida mpaka apone na kunyolewa. Wasafiri wa barabara ya Ngorongoro hadi Serengeti huwaona vijana hao kando ya njia, na wengi huwapiga picha bila kujua kwamba wanampiga picha mtu anayeuguza kidonda. Chakula chake kilikuwa maziwa, damu na nyama, na wajibu wa kumlisha ulikuwa wa watu wanaojulikana. Miongoni mwa Wairaqw, mabinti waliopitia unyago wa marmo, ulioachwa karibu na mwaka 1930, walikaa ndani kwa muda mrefu na kutoka wakiwa wamevaa sketi za ngozi zilizoshonwa shanga. Baadhi ya desturi za aina hiyo zilibeba ukeketaji, ambao sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 kuhusu makosa ya kujamiiana iliufanya kuwa jinai kwa wasichana walio chini ya miaka 18, na hakuna sababu ya kuukumbuka kwa hamu. Kinachohusu hapa ni umbo la kipindi chenyewe: jeraha lilikuwa na mwanzo, katikati na mwisho, na jamii nzima iliweza kusoma kwenye nguo na uso wa mtu yuko hatua ipi.

Mdomo wenyewe haukukatwa Karatu. Kwa mdomo ni lazima kushuka kusini, kwenye uwanda wa Makonde, ambako wanawake walitobolewa mdomo wa juu wakiwa wasichana, wakavaa kijiti chembamba, kisha kipande kipana zaidi, hadi ndonya, kile kisahani cha mti kilichoutokeza mdomo mbele ya uso. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani wa tamaduni aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika juu ya pambo hilo kwa mshangao uliochanganyika na dharau, kama ilivyokuwa kawaida ya waandishi wa zama zake. Mwambao wa Waswahili nao ulitoboa ndewe za wasichana na kuzipanua kwa majasi, yaani visahani au karatasi za rangi zilizoviringishwa. Kanuni ilikuwa ileile ya Ngorongoro: tundu dogo kwanza, subira, kisha tundu kubwa. Kunenepesha mdomo kwa nusu saa kwa sindano ni jambo ambalo fundi wa ndonya asingelielewa, kwa kuwa ufundi wake wote ulikuwa katika kungoja.

Kuvunjika kwa ratiba hizo kulikuja kwa njia nyingi, na shule na kanisa vilitangulia, kwani mtoto aliyepelekwa darasani alifundishwa kuona haya ndewe na chale. Serikali ya Tanzania huru iliongeza nguvu yake: mwishoni mwa mwaka 1967 na mwanzoni mwa 1968 viongozi wa Mkoa wa Arusha waliendesha kampeni ya kuwavisha Wamasai nguo za kisasa, wakipiga vita vazi la lubega, mafuta ya udongo mwekundu na nywele za kusuka, na mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa chama tawala, TANU, ukatangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku kuanzia mwaka uliofuata sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na krimu za kuchubua ngozi. Kuna kejeli ndani ya hatua hizo mbili zikiwekwa pamoja, kwamba serikali ileile ilimwona Mmasai kuwa mshamba mno na msichana wa Dar es Salaam kuwa wa kisasa mno, na kwa wote wawili ikajipa madaraka juu ya ngozi. Wakati huohuo tumbaku iliondoka mikononi mwa wazee na kuwa bidhaa ya kiwanda. Urambo, ambako mradi wa karanga wa Waingereza ulikuwa umeshindwa, paligeuzwa kuwa mashamba ya tumbaku katika miaka ya 1950, na mwaka 1961 kiwanda cha sigara kikaanza Dar es Salaam, ambacho kilikuja kuitwa Kampuni ya Sigara Tanzania na kubinafsishwa mwaka 1995. Sigara moja moja ikauzwa kwenye kioski cha Karatu kwa yeyote mwenye sarafu, na morani aliyeinunua hakumwomba mzee ruhusa.

Sindano ya urembo ina historia yake, ambayo mwanzo wake ni wa kutisha. Mwaka 1899 daktari Robert Gersuny wa Vienna alichoma vaselini mwilini mwa mgonjwa ili kurudisha umbo lililopotea, na wengine wakaiga kwa kujaza nyuso kwa mafuta ya nta, ambayo baada ya miaka yalihama, yakafanya vinundu na kuharibu sura. Mwaka 1934 Karl Meyer na John Palmer, wakifanya kazi New York, walitenga kutoka kwenye jicho la ng'ombe dutu iitwayo asidi ya haialuroni, ambayo hushika maji kwa wingi na hupatikana kiasili katika ngozi na maungo. Marekani iliidhinisha kolajeni ya ng'ombe kuwa kijazo mwaka 1981. Vijazo vya asidi ya haialuroni vilianza kutumika Ulaya mwaka 1996, na Marekani ikaidhinisha cha kwanza, Restylane, mwezi Desemba 2003. Ubora wake mkubwa ni kwamba huweza kuyeyushwa kwa kimeng'enya kiitwacho haialuronidezi iwapo mambo yameharibika.

Na mambo huweza kuharibika, kwa kuwa ndani ya mdomo hupita ateri ndogo zinazotoka kwenye ateri ya uso, na kijazo kikiingia ndani ya ateri au kikiibana kutoka nje, ngozi iliyokuwa ikilishwa na ateri hiyo hukosa damu na huweza kufa. Hilo ni nadra. La kawaida ni uvimbe na damu kuvilia chini ya ngozi, mambo yanayozidi katika siku mbili au tatu za kwanza na kutulia kabisa baada ya wiki mbili hivi. Katika siku hizo nikotini ni mgeni mbaya, kwa kuwa huamsha homoni zinazobana mishipa midogo ya damu, na jeraha lenye damu kidogo hupona polepole na hushambuliwa na vijidudu kwa urahisi. Ushahidi wa jambo hili ulitoka kwanza kwenye upasuaji: mwaka 1977 madaktari Mosely na Finseth walieleza jinsi sigara inavyopunguza damu ya vidole na kuchelewesha uponaji wa mkono, na mwaka 1984 Thomas Rees na wenzake wa New York walionyesha kwamba wavutaji waliokazwa ngozi ya uso walipoteza vipande vya ngozi mara nyingi zaidi kuliko wasiovuta. Katazo linalotolewa baada ya sindano ya mdomo limeazimwa zaidi kutoka huko kuliko kwenye majaribio ya sindano yenyewe, na ni busara ya haki, ingawa jeraha la tundu la sindano ni dogo kuliko la kisu.

Watumiaji wa vepu huwa na hoja yao, kwamba kifaa chao hakichomi jani na hivyo hakina lami wala hewa ya kaboni monoksidi, ile inayoiibia damu oksijeni. Hoja hiyo ni ya kweli kwa nusu. Sigara ya kielektroniki, iliyobuniwa na mfamasia wa China, Hon Lik, mwaka 2003, siku hizi huchemsha kimiminika cha propilini glikoli na glisarini, lakini nikotini imo, na ndiyo inayobana mishipa; aidha, kifaa hicho hufyonzwa kwa kukunja na kubana midomo ileile iliyochomwa, na mvuke wake hukausha kinywa. Tangu mwaka 2015, kampuni ya Juul ilipoingia sokoni Marekani, vifaa vingi vimetumia chumvi za nikotini, yaani nikotini iliyotiwa asidi ili isikwaruze koo hata ikiwa nyingi. Wazee wa Ngorongoro walitia magadi ili ukali wa tumbaku uongezeke na mpigo wake uje haraka, na mpigo huo mkali uliweza kumfukuza asiyezoea. Mvumbuzi wa siku hizi alienda upande wa pili wa kemia hiyohiyo, akaulainisha mlango ili asiyezoea aingie.

Mwaka 2003, ambao ndani yake Hon Lik alibuni kifaa chake na Restylane kuidhinishwa, Bunge la Tanzania nalo lilitunga sheria mbili zinazokaa bega kwa bega katika kitabu cha sheria: Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi, Na. 1 ya 2003, na Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku, Na. 2 ya 2003, ambayo ilikataza kuwauzia tumbaku walio chini ya miaka 18. Umri, ambao zamani ulipimwa kwa rika na sherehe, ukapimwa sasa kwa tarehe ya kuzaliwa, na badala ya muongo mzima wa umorani ukabaki mstari mmoja unaovukwa usiku wa kuamkia siku ya kuzaliwa. Hakuna hata moja ya sheria hizo iliyotungwa kwa kufikiria vepu, ambayo ilikuwa haijafika sokoni. Uganda, iliyochelewa zaidi kutunga sheria ya tumbaku, ilinufaika na kuchelewa kwake, kwani sheria yake ya mwaka 2015 ilipiga marufuku sigara za kielektroniki pamoja na shisha.

Mwaka 2019 Tanzania iligawa upya majukumu: vipodozi na chakula vikahamishiwa Shirika la Viwango, na mamlaka iliyobaki na dawa na vifaa tiba ikaitwa TMDA, ambayo mwaka 2021 ilikabidhiwa pia udhibiti wa bidhaa za tumbaku. Urembo wa kitabibu nao umesogea kutoka Nairobi na nchi za nje hadi nyumbani, na mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilitangaza huduma za upasuaji wa kurekebisha maumbile. Kwa mgawanyo huo, rangi ya kupaka mdomoni iko chini ya Shirika la Viwango, ilhali kijazo cha kuchomwa ndani ya mdomo uleule, ambacho Ulaya na Marekani hukihesabu kuwa kifaa tiba, kingeangukia TMDA, iliko pia tumbaku, kuanzia sigara ya kiwandani hadi ugoro unaopimwa kwa kijiko kwenye mnada wa Karatu.